Shimo Lililopandwa Mgomba

Mhudumu wa afya wa kijiji alipokuja na simu yake ya kujazia fomu, aliniuliza, "Mama Kerubo, hapa mna choo?" Nikasema tunacho. Akauliza tena, "Na nyote mnakitumia?" Nikasema ndiyo. Akabonyeza, akanywa chai, akaenda kwa jirani.

Jibu la kwanza lilikuwa kweli. La pili ndilo lililonilaza mara tatu. Au nafikiri hivyo. Hakuna aliyelipima, na sitaki kuandika kitu kama nina hakika nacho kumbe sina.

Mimi nilifika darasa la nane tu. Daftari hili lilianza kuwa la saa za dawa, maana nilikuwa nasahau kama nimemeza au bado. Sista mmoja wa wodini alilisoma akaniambia niendelee kuandika, nikipona niwapelekee kina mama wanaolala pale nilipolala. Nimepona, ndiyo maana naandika. Mkiona nimelalamika kupita kiasi mnisamehe, na nikimwonea mtu nitajaribu kurekebisha hapo hapo.

Boma letu liko upande wa Nyaramba, kwenye mteremko. Juu ni nyumba ya baba mkwe wangu, Mzee Ombati, ambaye mke wake alishatangulia. Chini yake ni nyumba yetu na jikoni na choo chetu nyuma ya migomba. Halafu ni majani chai mpaka bondeni, kwenye miti na chemchemi tunakochota maji. Mume wangu anauza misumari na mabati katika duka moja mjini Kisii, amepanga chumba Kiogoro, na huja nyumbani Ijumaa kabla jua halijatua kwa sababu sisi ni Wasabato. Jumamosi ni kanisa. Kwa hiyo kazi yoyote ya nyumbani inayotaka mwanamume ina siku moja tu, Jumapili, na Jumapili jioni anarudi. Nasema hayo mapema ili nimtendee haki. Tuna wasichana wawili, Kerubo wa miaka tisa na Moraa wa minne.

Mvua za mwisho wa mwaka zilibomoa choo cha Mzee. Ukuta uliingia shimoni asubuhi moja, bahati hakuwa ndani. Sasa, kwa wasiotujua: kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe wana mipaka, tunaiita chinsoni. Haingii nyumbani kwangu. Hatupeani mkono. Choo hatuchangii, na hata neno lenyewe halipiti kati yetu. Kwa hiyo choo chake kilipoanguka, sikuuliza anakwenda wapi. Hakuna binti wa watu angeuliza. Nilikuwa nikiamka kukamua ng'ombe namwona akishuka na fimbo yake kupitia majani chai, mbali kabisa, anaelekea kwenye miti. Nageuza uso. Nilidhani huko kugeuza uso ndiko tabia njema.

Homa ya kwanza ilinikuta mvua ndefu zikiwa zimeanza. Nilikuwa nachuna chai na nikaona kikapu kizito kuliko kilivyo. Nikaenda dukani nikapewa vidonge vya malaria. Siku tatu, hakuna kitu. Kichwa kilikuwa kinagonga kama mtu anapasua kuni ndani, na tumbo limefura na kujifunga kama ngoma. Jirani yangu Bosibori alinishika shingo akasema, "Mama Kerubo, hii si malaria. Hii inakupika." Akaniita pikipiki ya kwenda hospitali Nyamira.

Wale mtakaokwenda, jueni kusubiri ni sehemu ya ugonjwa. Unasubiri kadi. Ukipata kadi unasubiri daktari. Daktari anakutuma maabara, na maabara kuna dirisha dogo lenye kijana anayesema "rudi saa nane," na saa nane anakula. Nisimsingizie, alikuwa peke yake na sisi tulikuwa benchi tatu. Lakini nilipokuwa nimekaa pale sikuwa na huruma hiyo. Nilikuwa nataka kumrushia kiatu. Mama mmoja nisiyemjua, mnene, aliona nayumba akasogea akaniambia, "Niegemee, mimi ni ukuta." Nilimwegemea mpaka nikaitwa. Jina lake sikuuliza, na jambo hilo bado linanisumbua.

Ilikuwa taifodi, yaani homa ya matumbo. Nilipewa vidonge vya siku kumi na nne. Nilivimaliza vyote. Siku ya kumi nilianza kusikia njaa, siku ya kumi na mbili nikala ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, nikalia kwa utamu. Nywele zilianza kutoka baada ya hapo, mkononi zilikuja kama manyoya ya kuku. Moraa alizikusanya akamtengenezea mdoli wake kichwa.

Kila mtu alikuwa na maneno. Mmoja kanisani alisema ni vidonda vya tumbo kwa sababu nawaza sana. Mwingine alisema kuna mtu ananionea wivu kwa ajili ya chai yangu, na chai yangu mwaka huo ilikuwa imeliwa na magugu. Mume wangu aliuliza kwa simu, "Ulikula nini?" Nikasema, "Nilikula ulichokula wewe Jumapili." Halafu akasema, "Basi chemsha maji."

Nilichemsha maji. Naomba mnisikie hapa, kwa sababu kosa hili nimeliona katika nyumba nyingi tangu nilijue. Nilichemsha sufuria kubwa kila jioni, kuni zikaisha, macho yakawasha moshi. Na mahindi yalipokuwa yanavunwa, nikaugua tena. Homa ile ile, benchi lile lile, dirisha lile lile. Wakati huu nilipewa sindano, asubuhi na jioni, mpaka makalio yakakataa kukalia kitu chochote. Nilikuwa nakaa upande upande kanisani kama mtu aliye tayari kuondoka.

Muuguzi wa sindano aliniuliza, "Maji unachemsha?"

"Nachemsha."

"Halafu unayafanya nini?"

"Nayapoza."

"Unapoza na nini?"

Nikamwangalia. Nilikuwa nayapoza na maji. Yale ya moto yakiwa hayanyweki, nachota kikombe cha maji baridi kwenye mtungi, namimina, yanakuwa sawa. Uji wa watoto vilevile. Kibuyu cha maziwa lala nacho nilikuwa nakisuuza na maji ya mtungi. Nilipomwambia, hakucheka. Alisema tu, "Mama, unapika ugonjwa halafu unauongezea mwingine mbichi." Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, nikanunua ndoo yenye kifuniko na bomba, ya maji yaliyochemka peke yake, na nikamtisha kila mtu asiiguse na kikombe.

Nilifikiri hapo tumemaliza. Nilianza hata kujisifu kidogo, niseme ukweli. Nilimwonyesha Bosibori ndoo yangu kama mtu anayeonyesha kochi jipya.

Lakini ndoo haioshi mboga. Haioshi vyombo, wala mikono ya watoto wanaocheza chemchemini wakirudi shuleni. Mwaka mpya ulipoingia, jua likiwa kali na chemchemi imebaki na maji machache, nikaugua mara ya tatu, na Moraa akaugua pamoja nami.

Sehemu hii nimeiandika mara mbili nikaifuta. Tulilazwa kitanda kimoja, kichwa chake miguuni pangu. Dripu yake ilikuwa upande huu na yangu upande ule, kwa hiyo nikigeuka namvuta. Alikuwa haongei. Mtoto anayeongea na kuku, na mbuzi, na kiatu chake, alikuwa ananiangalia tu. Daktari alikuja akanibonyeza tumbo nikapiga kelele. Aliniambia bila kuzunguka kwamba utumbo wangu umechoka, na homa hii ikirudi tena unaweza kutoboka, na ukitoboka itakuwa ni kupasuliwa, na si wote wanaotoka huko. Kuhusu Moraa alisema yeye ni mdogo, hana hata zile nguvu nilizokuwa nazo mimi. "Kuna kitu nyumbani," alisema. "Hamjakipata."

Sista wa wodi hiyo alikuwa mama wa upande wa ziwa, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Ndiye huyo aliyesoma daftari. Alivuta kiti akakaa.

"Hebu tuanze na maji. Mnachota wapi?"

"Chemchemi, bondeni."

"Juu ya chemchemi kuna nini?"

"Majani chai yetu. Na miti."

"Choo mnacho?"

"Tunacho."

"Wote mnaingia?"

Nikainamisha kichwa. Nilipanga kusema ndiyo tena, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Halafu mguu wa Moraa ulinigusa, wa moto kama chuma cha kupigia pasi.

"Mtu mzima mmoja haingii," nikasema.

"Baba yake mume?"

"Umejuaje?"

Alicheka mpaka mgonjwa wa pili akaamka. "Mama, unafikiri ni nyinyi peke yenu? Hata kwetu mzee hawezi kupishana na mke wa mwanawe mlangoni pa choo. Afadhali ateseke. Sasa anakwenda wapi?"

"Huwa anashuka. Kwenye miti."

Alichukua kalamu yangu, akachora kwenye daftari nyumba juu, kisha majani chai, kisha miti, na chini ya miti akachora tone. Mchoro huo bado uko hapa, ukurasa unaofuata dawa za siku ya tatu.

Nimefikiri sana juu ya Mzee wakati huo. Angeweza kwenda karibu. Kuna kichaka nyuma ya nyumba yake. Lakini kichaka hicho kinaonekana kutoka jikoni kwangu, na yeye hakutaka nimwone, kwa hiyo akabeba miguu yake mibovu ile njia yote mpaka kwenye miti, kila siku, mvua na jua, ili asinivunjie heshima. Na mimi nikageuza uso nisimvunjie yake. Sote wawili tulikuwa na adabu nzuri sana. Na mtoto alikuwa na dripu.

Tulitoka baada ya siku tisa. Ijumaa mume wangu alipofika, nilimwambia hata kabla hajavua viatu.

"Baba Kerubo, Mzee achimbiwe choo."

"Si nilisema nitachimba?"

"Ulisema Aprili. Ukasema Agosti. Ukasema Krismasi."

"Jumapili ni moja, mama."

"Mwambie basi asishuke kule wakati anasubiri."

Alikaa kitandani na kiatu kimoja. "Nimwambie nini? Kwamba kinyesi chake kinaua mjukuu wake? Wewe ungemwambia baba yako?"

Nilikasirika, lakini lazima niandike ukweli. Nisingemwambia baba yangu.

Jumapili alichimba. Alichimba vizuri, akafika kiunoni, mahali pazuri pa juu mbali na bonde. Baba yake alikaa mlangoni akimwangalia. Hawakuambiana shimo ni la nini. Mume wangu alidhani inajulikana. Jumapili iliyofuata kulikuwa na mazishi. Iliyofuata duka lilikuwa linahesabu mali. Iliyofuata alikuja, akachukua jembe na sururu, akapanda juu, akarudi dakika hiyo hiyo akiwa amebeba jembe begani na uso ambao sijawahi kuuona.

"Nini?"

"Nenda ukaone."

"Siwezi kwenda, ni kwa Mzee."

"Amepanda mgomba."

Kwetu mgomba unapandwa kwenye shimo kubwa lenye samadi. Mzee alikuwa ameona mwanawe anayefanya kazi mjini amekuja kumchimbia shimo zuri la mgomba, akashukuru Mungu, akajaza samadi ndoo sita, akapanda chipukizi, akaumwagilia maji. Akaujengea na ua mdogo wa kuzuia mbuzi.

Niliingia jikoni nikacheka mpaka tumbo likauma, halafu nikakumbuka ni tumbo gani, nikaanza kulia. Watu wazima watatu. Mmoja anajua kuandika risiti za mabati, mwingine amelea watoto sita, mwingine ana daftari. Na hatukuweza kutoa neno moja lenye herufi nne.

Aliyelitoa ni Kerubo. Sikumtuma. Nimeulizwa sana, hata mume wangu aliuliza, na narudia kwamba sikumtuma, ingawa nilikuwa nimelalamika kwa sauti jikoni na nilijua yuko pale. Hiyo mtaihesabu wenyewe.

Mtoto na babu yake hawana mipaka kwetu. Wanataniana wanavyotaka, na Mzee humwita Kerubo "mke wangu." Jioni hiyo nilikuwa nachagua wimbi nyuma ya jikoni, na wao walikuwa kwenye ua wa mgomba.

"Sokoro," akamwita babu yake, "huu mgomba umepanda kwenye choo chako."

"Wacha ujinga, mke wangu. Choo kilianguka."

"Hiki ndicho kipya. Baba alikuwa anakuchimbia. Sasa utakuwa unakaa juu ya ndizi?"

Mzee alicheka. "Mbona hakusema?"

"Anaogopa. Mama naye anaogopa. Mimi siogopi, kwa sababu wewe hata meno huna."

"Nina mawili."

"Sokoro, usiende kwa miti tena. Maji ya chemchemi yanapita hapo. Sista alichora. Ndiyo yalimfanya Moraa asiongee."

Nilishika ungo nikaacha kuchagua. Halafu nikasikia fimbo ikigonga chini mara moja, polepole.

"Sista alichora?"

"Mama anayo kwenye daftari."

"Nenda uilete."

Kerubo akaja mbio, akachukua daftari mezani bila kuniomba, na mimi nikamwacha. Sijui Mzee aliutazama ukurasa ule muda gani. Kerubo aliporudi, alikuwa na maneno ya kuleta, lakini hayakuwa na haja ya kuletwa, maana Mzee alikuwa amesimama upande wa juu wa ua akiwa amenipa mgongo na kuyasema kwa sauti. Ndivyo mkwe anavyozungumza na mke wa mwanawe jambo zito, kupitia mtoto.

"Kerubo, mwambie mama yako sikujua."

Nami nikamwambia mtoto, nikiangalia wimbi, "Mwambie babu yako na mimi sikusema."

Asubuhi ya pili alikuwa amewaita vijana wawili wa kanisani. Hakungoja Jumapili. Walichimba upande wa pili wa nyumba yake, mpaka kichwa cha mrefu kikapotea. Mume wangu alileta mabati na bawaba, akafunga mlango mwenyewe, na Mzee akasimama karibu akimwambia kila msumari uende wapi. Mlango unatazama juu, kwenye barabara, si jikoni kwangu. Nje pana mtungi wa kunawia wenye bomba, na sabuni katika soksi ili kunguru asiibebe. Kule kwenye miti tulizungusha seng'enge, tukajenga mahali pa kuchotea kwa simenti, bomba likatoka ukutani. Maji bado nachemsha. Sipozi na kitu isipokuwa subira.

Sitawaambia kwamba ugonjwa ulitoka pale tu. Kuna maboma mengine juu yetu, kuna ng'ombe, na mimi mwenyewe nilikuwa na kikombe changu cha maji baridi. Ninachoweza kuandika ni kwamba mvua ndefu zimepita na mahindi yamevunwa na jua kali limekuja na kuondoka, na kwenye daftari hakuna saa za dawa. Nywele zimeota, fupi na laini. Moraa anaongea mpaka tunamwomba apumzike. Kipimo changu cha mwisho yule kijana wa dirishani alinipa mwenyewe mkononi. Alisema, "Mama, usirudi." Alikuwa anatafuna kitu.

Mgomba ule ulizaa kabla ya huo mwaka kwisha. Mkungu ulikuwa mkubwa tukauegemeza na mti. Mzee alimtuma Kerubo kwangu na chane ya kwanza na ujumbe kwamba shimo lilikuwa safi, halikuwahi kutumiwa, nisihofu. Nilipika zote.

Wiki iliyopita mhudumu wa afya alirudi na simu yake. Tulikaa nje ya jikoni. Mzee alikuwa juu kwake, akipogoa migomba, mgongo kwetu kama kawaida.

"Mama Kerubo, mna choo?"

"Tunacho."

"Nyote mnakitumia?"

Nilivuta pumzi ili niseme. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nilipomwona akiingia langoni. Kabla sijayatoa, panga lilinyamaza kule juu.

"Kerubo," Mzee akaita, na Kerubo alikuwa shuleni, sote tulijua yuko shuleni. "Mwambie huyo aandike viwili. Cha pili ni changu."